Kukosa hewa, kukosa pumzi, kuisha upepo: maneno yanayochanganywa, hatari zisizofanana

Baridi ya Juni na Julai ikishika Dodoma, watu huingiza jiko la mkaa chumbani. Na karibu kila msimu habari ni ile ile: watu wamekutwa asubuhi hawana uhai, na redioni tunaambiwa wamekufa kwa kukosa hewa. Niliisikia ikizungumzwa kwenye kijiwe cha kahawa pale Majengo, na mzee mmoja akauliza swali lililowanyamazisha wote: "Kama walikosa hewa, mbona hawakuamka wakafungua dirisha?"

Majibu yaliyofuata yalinisikitisha. Mmoja alisema walilewa usingizi. Mwingine akasema pana mkono wa mtu. Mimi naamini mkanganyiko ulianzia kwenye neno lenyewe, kwa sababu "kukosa hewa" tunalitwisha mizigo mingi mno. Chumba chenye joto kimekosa hewa, mkimbiaji amekosa hewa, mtoto aliyekabwa na nyama amekosa hewa, fundi aliyeanguka kisimani naye amekosa hewa. Mambo hayo hayatoki mahali pamoja, wala hayatibiwi namna moja.

Tuyapange basi maneno matatu ya mwanzo.

Hewa ni kitu chenyewe, mchanganyiko wa gesi unaotuzunguka. Ukiigawa hewa kavu mafungu 100, mafungu 78 ni naitrojeni, 21 ni oksijeni, na lile moja linalobaki karibu lote ni agoni. Hewa ukaa, ile tunayoitoa tukipumua, ni kiasi cha asilimia 0.04 tu. Pumzi ni hewa inapoingia na kutoka mwilini. Neno hilo limetokana na kupumua, na ndugu zake ni pumu na kupumzika. Ukilifuata hadi kwenye shina lake, anayepumzika ni mtu aliyepata nafasi ya kuvuta pumzi. Upepo ni hewa inayotembea.

Hapo ndipo lugha yetu inaponifurahisha. Nenda kwa fundi baiskeli yeyote, Chang'ombe au Nkuhungu, umwambie "tairi langu limekosa hewa". Atakuelewa, lakini atakutazama kama mgeni. Tairi huisha upepo. Mpira wa miguu huisha upepo. Tunasema "nijazie upepo", ingawa ndani ya tairi hakuna kinachovuma. Hewa iliyosukumwa kwa nguvu ikaingia ndani ya kitu tumeipa jina la kile kinachosukuma. Hivyo chumba hukosa hewa, mtu hukosa pumzi, tairi huisha upepo. Na pale ambapo hewa haipo kabisa, hata punje, pana ombwe. Siku hizi ombwe tunalisikia zaidi kwenye siasa, "ombwe la uongozi", lakini maana yake ya kwanza ndiyo hiyo: mahali patupu pasipo hata hewa. Binadamu wa kawaida hafiki kwenye ombwe maishani mwake. Kwa hiyo kila tunaposema mtu fulani alikufa kwa kukosa hewa, karibu mara zote hewa ilikuwepo. Shida ilikuwa ni hewa gani, au ilizuiwa wapi.

Tuanzie kwenye jambo jepesi, fukuto. Kila mkazi wa hapa anaijua Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza. Mabati yamekusanya jua mchana kutwa, upepo umetulia, chumba kinafukuta. Mtu husema, "Humu ndani hakuna hewa kabisa." Ukweli ni kwamba hewa imo, na oksijeni imo karibu ile ile ya nje. Hata watu kumi wakikaa kwenye chumba kilichofungwa, oksijeni hushuka kidogo sana kabla hawajaanza kulalamika. Wanachokihisi ni joto lenye unyevunyevu: pumzi na jasho la watu vimeijaza hewa maji, jasho jipya halikauki, mwili haupoi. Hewa ukaa nayo hupanda, na inaweza kuleta uzito wa kichwa na usingizi wa mchana. Ndiyo maana feni husaidia ingawa haileti hewa mpya hata tone. Feni inazungusha hewa ile ile, inakausha jasho, ngozi inapoa. Ukitaka hewa mpya fungua madirisha mawili yanayotazamana, moja liingize na jingine litoe. Wazee wa Kigogo waliojenga tembe, zile nyumba zenye paa bapa lililofunikwa udongo, walilimaliza suala la joto kwa njia nyingine: udongo mzito hauruhusu jua lifike ndani upesi. Dirisha lilikuwa dogo, na bado mchana ndani palikuwa na ubaridi kuliko nyumba nyingi za mabati tunazopanga leo.

Fukuto linachosha, ila kwa mtu mzima mwenye afya, aliye karibu na mlango na maji ya kunywa, si jambo la kuua. Mlango ukikosekana, hesabu inabadilika. Juni 2012 zaidi ya wahamiaji 40 kutoka Ethiopia walikutwa wamekufa mkoani kwetu, baada ya kusafirishwa wakiwa wamefungiwa ndani ya lori. Habari zilisema walikosa hewa. Ndani ya sanduku la namna ile vitu vitatu hushirikiana: joto, hewa ukaa inayopanda, na oksijeni inayoshuka. Niliposoma habari ile niliona maneno mawili hayatoshi kubeba mateso yale.

Jambo la pili ni kuishiwa pumzi. Hapa hewa nzuri ipo tele, ila mwili unaidai kuliko inavyoingia. Aliyepanda ngazi mbio anahema. Aliyekimbia zaidi anatweta, kifua kinapanda na kushuka, maneno yanakatika. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akitweta huenda zaidi ya mara mbili yake. Ukikaa kidogo inapita. Isipopita, au ikikushika umekaa tu, au ukilala chali, hapo neno si kuhema tena, ni kubanwa, na hilo ni la kupeleka hospitali.

Wageni wanaotoka Dar es Salaam husema hewa ya Dodoma ni nyepesi, na wengine wanadai ina oksijeni chache. Wako nusu ya njia. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Fikiria daladala. Pwani limebeba abiria 100, na 21 kati yao wanaitwa oksijeni. Hapa Dodoma daladala lile lile limebeba abiria 88 hivi, lakini fungu la oksijeni kati yao halijabadilika: kwa kila mia, 21. Idadi ya wote imepungua kwa sababu mgandamizo wa hewa ni mdogo kadiri unavyopanda. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, abiria wanabaki nusu. Kupungua kwa hapa kwetu mwili wenye afya hauoni tabu nako. Mchezaji wa mpira aliyefika jana kutoka pwani anaweza kuona tofauti dakika za mwisho, mwenye shughuli za ofisini hataona kitu. Vumbi la Agosti linawasumbua wageni kuliko mwinuko.

Jambo la tatu ni njia kuziba. Kiswahili kimejaliwa maneno hapa, na ni vizuri kuyatumia kwa usahihi wake. Aliyepaliwa ni yule ambaye maji au punje ya wali imempitia njia isiyo yake. Anakohoa, machozi yanamtoka, uso unaiva. Kukohoa kwake ni habari njema, maana hewa inapita. Mwache akohoe, muinamishe mbele kidogo, usimpe maji. Aliyekabwa ni mwingine. Kipande cha nyama au karanga kimeziba, hatoi sauti, hakohoi, anashika shingo. Hapo muda wa kusema "pole" na "tazama juu" haupo. Mpige makofi matano ya nguvu mgongoni, katikati ya mabega, akiwa ameinama. Isipotoka, mzungushie mikono kutoka nyuma, ngumi moja juu ya kitovu, ukandamize kwa ndani na kwenda juu mara tano, kisha urudie. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hafinywi tumbo: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, makofi matano mgongoni, kisha mgeuze na umkandamize kifua mara tano kwa vidole viwili.

Pumu iko jirani na hapo lakini ndani zaidi. Vijia vyembamba vya mapafu vimevimba na kujikaza, na kinachowashinda wengi zaidi ni kuitoa hewa kuliko kuiingiza. Ndiyo maana mgonjwa wa pumu hutoa ile sauti ya filimbi akishusha pumzi. Kumpepea kwa kanga ni upendo, lakini hakufungui vijia. Anahitaji dawa yake ya kuvuta, na nafasi ya kukaa wima.

Na jinamizi? Wengi wameniambia wameamka usiku kitu kimewakalia kifuani, hawawezi kupiga kelele, pumzi hazitoki. Mwili unapoota hujifunga misuli ili usitende unachoota, na wakati mwingine akili huamka kabla misuli haijafunguliwa. Msuli mkubwa ulio chini ya mapafu hauzuiwi, kwa hiyo pumzi inaendelea muda wote. Inatisha, na baada ya dakika chache inaachia. Hakuna aliyekukaba.

Sasa turudi kwa yule mzee wa Majengo, kwa sababu swali lake ndilo linalobeba roho za watu.

Tunadhani mwili una kengele inayolia oksijeni ikipungua. Ipo, lakini ni dhaifu na huchelewa. Kengele kubwa, ile inayokufanya ushindwe kuzuia pumzi chini ya maji, hulia kwa sababu hewa ukaa imerundikana kwenye damu. Mwili ni kama mwenye nyumba anayefuatilia sana shimo la taka na kulitazama kihenge mara chache. Taka zikijaa anapiga kelele. Mahindi yakiisha polepole huku taka zikiondolewa kama kawaida, hashtuki mpaka siku ya njaa.

Mkulima wa Kongwa anaiona kanuni hii shambani kwake. Anayehifadhi mahindi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye tabaka mbili za nailoni ndani ya gunia la kawaida, hatii dawa ya kuua wadudu. Anafunga kila tabaka kwa nguvu, basi. Dumuzi waliobaki ndani, wale ambao wengine huwaita skania, wanaendelea kupumua, wanaila oksijeni iliyomo, na ikishuka sana wanaacha kula na kuzaana, kisha wanakufa. Ukifungua mfuko huo hewa imo, imejaa tele. Haifai tu kwa kiumbe kinachopumua.

Shimo refu linaweza kuwa mfuko wa aina hiyo. Kisima cha zamani, shimo la choo, duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo wa madini, aliyesitisha kazi wiki mbili: chini kule majani na mizizi vinaoza, chuma kinashika kutu, na vyote hivyo hula oksijeni. Hewa ukaa, ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hukaa chini kama maji kwenye ndoo. Anayeshuka haoni chochote wala hanusi chochote. Ikiwa hewa ukaa ndiyo iliyojaa, huenda akahema na kuhisi kichwa kinamzunguka. Ikiwa oksijeni ndiyo iliyoliwa, hahisi tabu yoyote. Mtu anayezuia pumzi bado anatumia oksijeni iliyobaki kwenye mapafu na damu, ndiyo maana mzamiaji hukaa chini dakika nzima. Lakini anayevuta hewa isiyo na oksijeni hujiosha mapafu kwa kila pumzi; ile iliyokuwa kwenye damu hurudi mapafuni na kutoka nje. Baada ya pumzi chache miguu inaishiwa nguvu, anaanguka.

Hapo juu nduguye anaona ameanguka. Anaamini ameteleza, au ana kifafa, au pana mzimu wa kisima. Anashuka kumwokoa. Halafu wa tatu. Visa vya namna hii mara nyingi vina maiti zaidi ya moja, na anayefuata alikufa kwa moyo mwema. Ukikumbuka jambo moja tu katika makala haya, ningependa liwe hili: mtu akianguka shimoni bila sababu unayoiona, usishuke. Piga 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji. Kama alishuka akiwa amefungwa kamba, mvute kwa kamba. Kwa hiyo kamba ifungwe kabla ya kushuka, kila mara, hata kama jana alishuka salama.

Watu huniuliza kuhusu mshumaa au koroboi inayoshushwa kwanza. Ina ukweli ndani yake: mwali huzimika oksijeni ikishuka hadi asilimia 16 hivi, kabla ya kiwango cha kumwangusha mtu. Lakini mwali unaowaka haukuhakikishii kwamba hakuna sumu, na kwenye shimo la choo lenye gesi inayolipuka, koroboi ni balaa lenyewe. Vilevile kuteremsha pampu ya petroli ndani ya kisima ili kukausha maji ni kukitia sumu kwa mikono yako. Sumu hiyo ndiyo ile ile ya jiko la mkaa.

Na hapa kuna gesi mbili ambazo watu huzichanganya. Hewa ukaa ni ile tunayoitoa tukipumua, na ndiyo inayotajwa kwenye "biashara ya hewa ukaa", ambapo vijiji hulipwa kwa kutunza misitu. Sumu ya jiko la mkaa ni gesi nyingine, kaboni monoksaidi. Zote zina ukaa, yaani kaboni, ndani yake, ndiyo maana zinachanganywa, lakini mwili unazipokea tofauti kabisa. Hewa ukaa inapiga kengele. Kaboni monoksaidi haipigi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Wengi hudhani mkaa ulioshika vizuri, mwekundu, usio na moshi, ni salama kuulalia. Moshi ukiisha, kilichoisha ni kile unachokiona; mkaa unaowaka polepole kwenye chumba kilichofungwa unaendelea kuitoa gesi hii hadi ugeuke majivu. Kuweka sufuria la maji pembeni hakuizuii. Kuacha ufa chini ya mlango hakutoshi.

Turudi kwenye daladala. Damu ina viti vya kubebea oksijeni. Oksijeni hupanda mapafuni na kushuka kituoni, kwenye ubongo, moyo, misuli. Kaboni monoksaidi hushika viti hivyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na ikikaa haitaki kushuka. Gari linatembea, limejaa, halipeleki abiria anayetakiwa. Wakati huo mapafu yanafanya kazi kama kawaida, hewa ukaa inatolewa vizuri, kwa hiyo kengele ya mwili iko kimya. Aliye macho ataumwa kichwa, atasikia kizunguzungu, kichefuchefu, ulegevu wa miguu, na hapa kwetu atasema ni malaria inaanza. Aliyelala hataamka. Hawakufungua dirisha kwa sababu hakuna kilichowaambia wafungue.

Wapo wanaoponea chupuchupu, na kwao neno lina uzito wa dawa. Wakifika zahanati watasema "alikosa hewa usiku". Mhudumu atamwekea kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni, na kinaweza kusoma 98, namba nzuri kabisa, kwa sababu vifaa vingi vya aina hiyo havitofautishi kiti kilichokaliwa na oksijeni na kiti kilichokaliwa na sumu. Ngozi yake pia huenda isionyeshe chochote. Mgonjwa anaweza kurudishwa nyumbani na panadoli, kwenye chumba kile kile, jiko lile lile. Anachohitaji ni kupewa oksijeni haraka, na mhudumu hawezi kukisia hilo kama haambiwi. Kwa hiyo ukimpeleka mtu, liache neno "hewa" kwanza. Sema: "Tulilala na jiko la mkaa ndani, mlango umefungwa, tangu saa nne usiku."